Ngoma Haijazwi kwa Karatasi

Wahenga walinena kuwa ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo. Hilo ni kweli, wala sina ubavu wa kubishana na wahenga. Lakini liko jambo ambalo hawakutwambia: kwamba mbiu yaweza ikalia tangu alfajiri hata magharibi na asitoke mtu mlangoni kwake. Mimi yalinifika, na kwa kuwa yalinifika nimeona niwasimulie wasomaji wa ukurasa huu. Huenda yakamfaa mwenye chama, mwenye ngoma, au mwenye mashairi kama mimi.

Mwaka 2022 sisi watunzi saba wa hapa Mombasa tuliazimu kufanya usiku wa mashairi. Tulikodi ukumbi, tukakodi viti 120, tukaagiza kahawa na halua. Kazi ya kutangaza nikapewa mimi. Nikapiga chapa karatasi 80 kwa wino mweusi na mwekundu, nikazibandika Kibokoni, Kuze, Makadara na Majengo. Kwa vinyozi, kwa wauza kahawa na penye maduka ya kanga. Kisha nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Usiku wenyewe ulipofika, baada ya sala ya Isha, waliokuja walikuwa watu 11. Saba tulikuwa sisi wenyewe. Mmoja bawabu wa ukumbi. Wawili watoto walioisikia harufu ya halua. Na wa kumi na moja alikuwa mwenye viti, aliyekuja kungoja ujira wake. Tukaghani mashairi yetu tukiviangalia viti. Mwenzetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri na kwa fani, alikunja karatasi zake kabla zamu yake haijafika, akasema, "Basi, jamaa. Fani imekufa, tuizike." Tangu usiku ule hakutokea tena katika kikao chetu. Nilimlaumu. Nikawalaumu na watu wa mji, na runinga, na simu, na vijana wasiojua tofauti ya kina na mizani. Mtu pekee niliyemsahau katika lawama hizo ni mtangazaji.

Jawabu la fumbo hilo nililipata mahali ambapo sikulitafuta, nalo nililipata kwa watu wasiojua shairi letu hata ubeti. Mwaka 2023, mwezi wa Septemba, nilikwenda kumzuru mtoto wa ndugu yangu anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Siku ya tatu, mchana, mlango ukabishwa. Alikuwa mzee jirani, mtu wa miaka sabini na kitu, mrefu kama mlingoti, amevaa shati la mikono mirefu na shingoni kamba iliyofungwa kwa kifungo cha fedha. Mkononi alikuwa na karatasi moja. Lakini hakuniachia karatasi ile akaenda zake. Aliketi, akanywa chai yetu ya maziwa, akauliza habari za bahari ya kwetu na habari za watoto wangu, hata nusu saa ikapita. Kisha ndipo akasema, "Jumamosi tuna dansi. Nitakuja kukuchukua saa kumi na mbili na nusu."

Mtoto wa ndugu yangu akacheka, akanambia kwa Kiswahili, "Ami, huyu hakuuliza kama utakwenda. Ameuliza kama utakuwa tayari."

Hapa, msomaji mpenzi, niweke jambo moja wazi ili nisije nikalaumiwa msikitini. Dansi nitakayoieleza huchezwa na wanaume na wanawake walioshikana mikono, na mtu wa kwetu anajua mipaka yake bila ya kuambiwa na mwandishi wa gazeti. Mimi nalikwenda kuwa mtazamaji, nikaketi kitini karibu na meza ya chai, na wenyeji wangu wakaliheshimu hilo bila ya kuniuliza mara mbili. Nilichokifuata si mchezo. Nalitaka kuona jinsi watu wanavyoitana.

Dansi yenyewe ndiyo iitwayo dansi ya mraba. Watu wanane, yaani jozi nne, husimama kila jozi upande wake, wakafanya umbo la chumba chenye kuta nne, nyuso zimeelekea ndani. Jozi iliyoipa muziki mgongo ndiyo ya kwanza. Ya pili iko kuliani kwake, na hesabu huendelea hivyo hadi ya nne. Mbele, penye kipaza sauti, husimama mtu mmoja ambaye mimi nitamwita mwitaji. Yeye ndiye roho ya mambo yote. Wachezaji hawajui watafanya nini mpaka mwitaji atamke: geuka na jirani yako, pishaneni migongo, zungukeni mkono kwa mkono, rudi nyumbani na mwenzako. Hutamka kwa kufuata mapigo, neno likitangulia hatua kwa kitambo kidogo tu, na watu wanane humtii kama mabaharia wanavyomtii nahodha. Akikosea mmoja, mraba mzima huvunjika, wakacheka wakasimama palepale kungoja kuanza upya. Kwa hiyo hapana anayeweza kucheza peke yake, na wakija watu saba hawafai kitu mpaka apatikane wa nane. Shika hesabu hiyo ya nane, maana ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Asili yake ni mchanganyiko, kama zilivyo ngoma nyingi za watu wa bandarini. Waingereza walikuwa na dansi zao za mashambani, ambazo John Playford alizitolea kitabu London mwaka 1651. Wafaransa wakaleta dansi zao za jozi nne, na mpaka leo baadhi ya maneno ya mwitaji ni ya Kifaransa yaliyochakaa ulimini mwa Wamarekani. Lakini kuna na mkono wa Afrika, na huu haukutajwa kwa miaka mingi. Mtafiti Phil Jamison, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameonyesha kwamba wapiga fidla weusi, wengi wao watumwa, ndio waliokuwa wakitumbuiza katika dansi za mabwana, na kwamba desturi ya kutamka hatua kwa sauti huku dansi ikiendelea imefungamana na watu hao. Niliposoma habari hiyo sikustaajabu. Mtu anayeita na wenzake wakaitikia kwa viungo vya mwili ni jambo ambalo yeyote aliyekulia karibu na ngoma za pwani hii angelitambua hata akiwa amefumba macho.

Karne ya ishirini ilipoingia, dansi hii ilikuwa ikififia kama zinavyofifia ngoma za wazee wetu. Waliiinua watu wachache. Mmoja ni Henry Ford, yule mtengeneza magari. Alimwajiri mwalimu wa dansi, Benjamin Lovett, akatoa kitabu mwaka 1926, akawafundisha walimu wa shule, akaitangaza kwa redio, na mwaka 1937 akajenga ukumbi mzima huko Dearborn, Michigan, akaupa jina la mwalimu wake. Haki yatutaka tuseme pia kuwa nia yake haikuwa safi yote: aliuchukia muziki wa jazi, na chuki yake kwa Mayahudi imeandikwa na inajulikana. Wa pili ni Lloyd Shaw, mkuu wa shule huko Colorado, aliyewakusanyia vijana wake dansi za wachunga ng'ombe, akatoa kitabu mwaka 1939, akafungua mafunzo ya likizo kwa waitaji. Ford alitumia fedha na mitambo. Shaw alitumia wanafunzi, akawapeleka mji kwa mji wakacheza mbele ya watu. Nadhani mbegu za Shaw ndizo zilizoota sana, kwa kuwa kila mwitaji aliyetoka kwake alirudi mjini kwao akaanzisha chama.

Baada ya Vita Kuu vya Pili ikawa kama maji yaliyofunguliwa bwawa. Kipaza sauti na santuri zilimwezesha mtu mmoja kuendesha usiku mzima bila ya kundi la wanamuziki. Mwaka 1948 Bob Osgood alianzisha huko California gazeti la wachezaji, ambalo lilidumu hadi 1985, na mwezi Julai 1950 mji wa Santa Monica uliifunga barabara yake kubwa, Wilshire, watu zaidi ya 15,000 wakacheza juu ya lami. Mwaka 1952 mkutano wa kwanza wa taifa ulifanyika Riverside, na tangu hapo umekuwa ukihama mji kwa mji. Ule wa Anaheim mwaka 1976 ulikusanya karibu watu 40,000. Rais Reagan naye alitia sahihi sheria ya kuifanya dansi hii kuwa ngoma ya taifa kwa miaka ya 1982 na 1983.

Lakini ngoma ikilia sana hupasuka. Jumamosi ile nilihesabu miraba sita ukumbini, yaani watu 48, na wengi wao walikuwa wa umri wa yule mzee. Mikutano ya taifa iliyokuwa ya makumi ya maelfu siku hizi hukusanya maelfu machache. Ugonjwa wa korona uliokuja mwaka 2020 ulizifunga kumbi, na si zote zilizofunguliwa tena. Kwa hiyo nilikuwa nimeketi katika nyumba ya wenzangu waliofikwa na msiba mmoja na wangu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa bado wakipambana nao.

Karibu na mlango palikuwa na meza ndefu, na juu yake karatasi za rangi zote: za kijani, za manjano, za waridi, nyingi kama majani ya mwembe baada ya upepo. Zilikuwa matangazo ya dansi za vyama vingine. Kila mchezaji anapoingia hupita mezani akaokota anazotaka. Nikaokota na mimi, nikasoma, nisielewe kitu. Hapana maneno matamu, hapana "nyote mnakaribishwa," hapana maelezo ya dansi ni nini. Jina la mwitaji kwa herufi kubwa, jina la daraja, saa, sakafu ya mbao, basi.

Mzee akanielimisha. Alisema, "Hizi zimeandikwa kwa mtu ambaye amekwisha kuwa mchezaji. Huyo hahitaji kuelezwa uzuri wa dansi. Ana maswali manne tu. Nani anaita? Daraja gani? Sakafu ya nini? Na nani mwingine anakwenda?" La kwanza ni kwa sababu kila mwitaji ana ulimi wake, na mchezaji humfuata amtakaye kama mashabiki wa taarabu wanavyomfuata mwimbaji wao. La pili ni kwa sababu waitaji walikwisha kupatana zamani. Jumuiya yao ya CALLERLAB, iliyoundwa miaka ya 1970, iliipanga miito katika madaraja, na kila daraja lina orodha yake. Akisoma kwenye karatasi neno Plus, mchezaji wa Ohio anajua mara moja kama ataweza au ataaibika. Na anajua pia kwamba akienda Ujerumani au Japani atakuta miito ileile kwa Kiingereza kilekile. La tatu ni kwa ajili ya magoti ya wazee, kwani sakafu ya saruji huyaua. "Na la nne?" nikauliza. Mzee akatabasamu. "La nne halimo katika karatasi. Na hilo ndilo linalowatoa watu nyumbani."

Maneno hayo yalinichoma. Nalikumbuka karatasi zangu 80. Niliziandika kwa nani? Kwa mjuzi wa mashairi hazikuwa na faida, maana sikutaja nani ataghani wala ni mashairi ya bahari gani. Kwa asiyejua hazikuwa na faida vilevile, maana hakuna aliyekwenda kumwondolea hofu ya kuketi mahali pasipo pake. Nilimwandikia ukuta, na ukuta ulihudhuria.

Nikamwambia mzee mawazo yangu, naye hakunisifu. Akasema, "Sisi pia tulikosea, tena kwa miaka mingi. Tuliendelea kutangaziana sisi kwa sisi. Karatasi hii huichukua kutoka chama changu ikaenda chama chako, na yako ikaja kwangu, tukaona kumbi zimejaa. Kumbe ni watu walewale wanazunguka." Nikamwambia kuwa kwetu mtu kama huyo twasema anahamisha maji kutoka mtungi huu hadi ule, na kisima hakiendi. Akataka nimrudie mara mbili, akaandika nyuma ya tangazo.

Sasa nije kwenye desturi iliyonifurahisha kuliko zote. Kila chama kina bendera yake ya kitambaa, imetariziwa jina na picha, nayo hutundikwa ukutani usiku wa dansi. Chama kingine kikileta mraba kamili, watu wanane, wakacheza usiku ule pamoja na wenyeji, basi wana ruhusa ya kuichukua ile bendera wakaenda nayo kwao. Ni wizi wa hadharani, wenye makofi na vicheko. Wenyeji wakiitaka bendera yao hawana budi kujikusanya na wao watu wanane, wapande magari, waende kwenye dansi ya wale wezi waikomboe. Wakifika huko wamelipa deni, na kwa kufika kwao wameijaza dansi ya wenzao. Chama chenye bahati mbaya huweza kukuta bendera yake iko mbali mwendo wa saa mbili. Wako wanaotoa hata beji kwa waliosafiri safari ndefu kwa ajili ya usiku mmoja wa dansi.

Usiku ule nilishuhudia kwa macho yangu. Katikati ya burudani watu wanane kutoka mji mwingine walisimama, wakatajwa, wakapigiwa makofi, mmoja akapanda kiti akaishusha bendera ukutani, akaikunja vizuri kama mtu akunjaye kanzu ya Idi. Wenyeji wakapiga mayowe ya uwongo. Na kabla mayowe hayajatulia, mama mmoja alikuwa amekwisha kutoa kalamu anaandika majina ya wanane watakaokwenda kuikomboa. Hakuna karatasi ya manjano wala ya waridi inayoweza kufanya kazi hiyo. Bendera ile ilikuwa imeacha nafasi tupu ukutani, na nafasi ile ilikuwa mwaliko.

Kwa sisi watu wa pwani hili si geni kabisa. Wazee wetu waliocheza beni, Marini kwa Arinoti, walijazana kwa kushindana na kuzuriana. Na harusini mpaka leo aliyekuja kwako kukutunza amekuacha na deni la heshima, wala hulali mpaka umelilipa. Tena chuoni tulifundishwa, tungali watoto wa ubao na wino wa masizi, kuwa miongoni mwa haki za Muislamu juu ya mwenzake ni kumwitikia anapomwita. Tulilihifadhi somo hilo upande wa mwitwa. Upande wa mwitaji, yaani kwamba haki ya mtu ni aitwe kwa mdomo na kwa jina lake, nadhani tumelilegeza.

Kuna na jambo la wapya. Kwa desturi, darasa la wanaoanza hufunguliwa mwezi wa Septemba, usiku mmoja kila wiki, na zamani liliendelea miezi mingi, kwa kuwa miito ya madaraja mawili ya mwanzo inakaribia 70. Wengi walichoka njiani wakaacha. Miaka ya karibuni vyama vingi vimechukua mpango mfupi wenye miito kama 50, ili mtu aanze kucheza mapema. Mavazi nayo yamelegezwa. Zile sketi pana zenye marinda ndani yake si lazima tena penye vyama vingi. Hata hivyo mzee aliniambia kuwa kilichomfunga yeye miaka 30 nyuma hakikuwa urahisi wa somo. Katika kila darasa hufika wachezaji wazoefu, bila ya malipo, ili kuujaza mraba na kumshika mkono mwanafunzi anapopotea. Wao huwaita malaika. Neno hilo ni lao, si langu. "Nilikuwa nimefiwa na mke," mzee alisema. "Sikutaka dansi wala watu. Jirani alikuja Jumanne moja akasema wao ni saba, na bila ya mimi hakuna mraba. Sikwenda kwa ajili yangu. Nilikwenda kwa kuwa nilihitajiwa."

Akanyamaza, nami nikanyamaza. Mwitaji alikuwa akiita duru ya mwisho. Karibu na meza palikuwa na mraba wa watu saba wamesimama wakitazama huku na huku, na mzee akaweka kikombe chake chini akaenda kuwa wa nane. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa tangazo langu la mwaka 2022 halikumwambia mtu yeyote kuwa anahitajiwa. Lilimwambia tu kuwa kuna viti.

Nilirudi Mombasa mwezi wa Oktoba na karatasi ya manjano mfukoni, si kwa kuitangaza, bali kwa kujikumbusha. Tukakutana wale sita tuliobaki. Nikawaambia hatutabandika kitu ukutani mpaka tumemaliza kutembea. Kwanza tulikwenda Malindi kwa watunzi wenzetu waliokuwa na kikao chao, sote sita bila ya kualikwa, tukaketi, tukasikiliza, tukaitikia. Walitupokea kwa mapenzi. Wakati wa kuagana niliwaomba dele lao la kahawa, la shaba, la miaka mingi. Wakadhani nimeugua. Nikawaeleza habari ya bendera, wakacheka mpaka machozi, wakaniruhusu nilichukue. "Mtalikuta Mombasa," nikawaambia, "usiku wa mashairi, limejaa."

Kisha nikaandika majina 40 katika daftari, na kila siku baada ya Alasiri nikaenda kwa watu wawili au watatu. Sikubeba karatasi. Nilikaa barazani, nikauliza hali, na kila mtu nilimwambia anachohitajiwa yeye: huyu ana sauti ya kughani, yule ana kumbukumbu ya mafumbo ya zamani, yule mwingine ana wajukuu wawili wasomi ambao hatuwezi kuwapata ila kwa yeye. Wengine walikubali mara moja, wengine waliniambia watatazama. Ni kazi ya kuchosha, nami sina miguu ya ujana.

Nyumba niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya yule mkubwa wetu. Mara ya kwanza alinambia ana mafua. Mara ya pili alitoka akaketi nami, tukazungumza habari za samaki na bei yake, na nilipotaja mashairi akaingia ndani. Mara ya tatu sikumsifia fani wala sikumlaumu. Nikamwambia, "Kaka, sisi ni sita. Tulikuwa saba, na zamu yako ya usiku ule haikusomwa. Mpaka leo hatujamaliza." Aliniangalia kitambo. Kisha akaniuliza usiku wenyewe ni lini.

Waliokuja walikuwa watu 63. Najua kuwa 63 si 15,000 wala barabara haikufungwa kwa ajili yetu. Lakini wenzetu wa Malindi walikuja na matatu nzima kulikomboa dele lao, na kabla ya kuondoka walichukua mkeka wetu, kwa hiyo sasa sisi ndio tuna deni. Mkubwa wetu aliketi safu ya mbele, karatasi zake zilezile zimekunjwa mfukoni, na zamu yake ilipofika alizikunjua. Wajukuu wawili wa jirani yake walikuwa wamekaa chini miguuni pake, na mmoja alimwomba arudie ubeti wa tatu.

Sitaki msomaji adhani kuwa nimezidharau karatasi. Mjuzi naye ana haki ya kujua nani ataghani na saa ngapi, na mwaka huu nitazipiga chapa tena, chache, zenye majibu ya maswali yake. Lakini zitafuata miguu; hazitatangulia. Kwa wenye vyama walio na kumbi tupu nawaachia ubeti huu mmoja, nilioutunga njiani nikitoka nyumba ya arobaini:

Mwaliko u miguuni, ukutani hautoki,
Nenda kwake mlangoni, asikwambie sitaki,
Keti naye barazani, umpe yakwe ya haki,
Ukenda kwa majirani, pweke kwako hutobaki.